Nilivyokuja kuelewa kutafuta jumla ya mfululizo usio na mwisho kwa kutumia binomia

Kuna swali moja lilinikalia kichwani karibu wiki mbili nzima na mpaka leo nalikumbuka lote, maana nililiandika kwenye kila karatasi iliyopita mkononi mwangu. Lilisema tafuta jumla ya

1 + 1/3 + (1·3)/(3·6) + (1·3·5)/(3·6·9) + ...

na hizo nukta maana yake inaendelea tu, haiishi. Mifululizo niliyokuwa naijua mimi ilikuwa miwili tu, ile ya kuongeza namba ileile kila hatua na ile ya kuzidisha kwa namba ileile kila hatua. Sasa hii ukigawa kipande cha pili kwa cha kwanza unapata 1/3, cha tatu kwa cha pili unapata 3/6 yani nusu, cha nne kwa cha tatu 5/9, uwiano unabadilika kila ukisogea, kwahiyo ile fomula ya jiometri, yani ya mfululizo wa kuzidisha kwa namba ileile, haikai hapa hata uilazimishe vipi.

Nikachukua kalkuleta nikaanza kujumlisha kimojakimoja. Vipande vitatu nikapata 1.5, vinne 1.5926, saba 1.6988, kumi na moja nikafika 1.7266. Inapanda lakini inapanda kwa kunyata, kila hatua inaongeza kidogo kuliko iliyopita, nikawa na uhakika kuna mahali inaelekea ila sijui ni wapi. Na hicho ndo kilichonikosesha usingizi, namba ipo, inaonekana kabisa inakuja, na mi sina jina lake.

Nikamtumia jamaa yangu mmoja tuliyekuwa tunasoma wote, akanijibu kifupi sana, "Kaka hiyo ni binomia, alafu usirahisishe hizo sehemu." Nikamuuliza binomia inaingiaje hapa maana binomia niliyoijua mimi ni ya kufungua mabano, (a + b) kipeo cha 4, cha 5, unapata vipande vitano au sita na inaisha. Hajanijibu mpaka kesho yake. Lakini ile sentensi ya pili, ya kutorahisisha, ndo iliyonifungua macho zaidi kuliko hata ya kwanza.

Manake mi nilichokuwa nafanya, kwa mazoea tu ya hesabu, nikiona (1·3)/(3·6) naandika 1/6, nikiona (1·3·5)/(3·6·9) naandika 5/54. Nikishafanya hivo mbele yangu nina 1, 1/3, 1/6, 5/54, 35/648, na hapo hata ukikaa mwezi huoni kitu, utaratibu wote umeshaufuta mwenyewe. Nilipoziacha zilivyo nikaona juu kuna 1·3·5·7, inaruka mbili mbili, chini kuna 3·6·9·12, inaruka tatu tatu. Nikaangalia tena chini. 3·6·9 ni 3×1, 3×2, 3×3, kwahiyo ukitoa zile tatu tatu nje unabaki na 3 kipeo cha 3 mara 1·2·3. Na 1·2·3 ni faktoria ya 3, yani namba zote kuanzia 1 mpaka 3 zikizidishwa, inaandikwa 3!. Kumbe faktoria ilikuwa imekaa pale chini muda wote imefunikwa, na faktoria chini ya kila kipande ndo alama ya binomia.

Sasa ile sehemu ya pili, binomia isiyoisha. Kanuni ni ileile ya siku zote,

(1 + x)^n = 1 + nx + n(n−1)/2! x² + n(n−1)(n−2)/3! x³ + ...

n ikiwa namba nzima chanya, mfano 4, ukifika mbele unakutana na (n−4) ambayo ni sifuri, kuanzia hapo vipande vyote vinakufa. Lakini ukiweka n = −1/2, unapata −1/2, −3/2, −5/2, −7/2, hakuna siku utakutana na sifuri, ndo maana haiishi. Ukiweka na x iwe hasi, zile alama za kutoa zinakutana mbili mbili zinafutana, kinachobaki ni kitu kisafi sana:

(1 − x)^(−1/2) = 1 + (1/2)x + (1·3)/(2·4) x² + (1·3·5)/(2·4·6) x³ + ...

Nilipoiandika hii nikaiweka pembeni ya swali langu nilinyamaza kama dakika nzima. Juu ni vilevile, 1·3·5. Chini yeye ana 2·4·6 na mi nina 3·6·9. Kutoka 2 kwenda 3 nazidisha chini kwa 3/2, ambayo ni sawa na kuzidisha kipande kwa 2/3, kwahiyo x = 2/3. Jumla ni (1 − 2/3)^(−1/2), yani 1/3 kipeo cha hasi nusu, yani √3. Nikabonyeza kalkuleta, 1.7320508. Ile namba iliyokuwa inanyata kutoka 1.7266 ndo hii ilikuwa inaifuata. Niliona raha ambayo siwezi kuieleza vizuri, namba nilizozikusanya kwa mkono siku kadhaa zote zinaelekea kwenye kipeuo cha pili cha 3, na kwenye swali lote hakuna alama ya kipeuo hata moja.

Baada ya hapo nikatafuta namna ya kufanya maswali yote ya aina hii bila kubahatisha, na nilichokipata ndo nnachokitumia mpaka sa hivi. Umbo la jumla ni

(1 − x)^(−p/q) = 1 + p(x/q) + p(p+q)/2! (x/q)² + p(p+q)(p+2q)/3! (x/q)³ + ...

Usiogope herufi, maana yake ni hivi: p ni namba ya kwanza ya juu, q ni hatua ya juu, yani namba za juu zinaruka kwa ngapi. Alafu x ni hatua ya juu gawanya kwa hatua ya chini. Basi. Kwenye lile swali hatua ya juu 2, hatua ya chini 3, x = 2/3, namba ya kwanza juu ni 1, kipeo −1/2. Ukitazama uwiano wa vipande vinavyofuatana ukiwa mbali sana mbele, nao unakaribia hiyohiyo x, kwahiyo hata kama umesahau fomula unaweza kuipata x kwa kuangalia tu hatua zinavyokimbizana.

Nikajaribu 1 + 2/6 + (2·5)/(6·12) + (2·5·8)/(6·12·18) + ... Juu inaanza 2 inaruka 3, chini inaruka 6, x ni nusu, kipeo −2/3, jumla ni 1/2 kipeo cha −2/3 ambayo ni kipeuo cha tatu cha 4, kama 1.5874. Vipande vinane vya mwanzo vinanipa 1.5846, sawa kabisa inaelekea.

Ila nisiseme kila kitu kilienda sawa. Kuna mfululizo uliokatwa kichwa. Huu hapa ulinikamata vibaya:

5/8 + (5·8)/(8·12) + (5·8·11)/(8·12·16) + ...

Nikaona juu inaanza 5 inaruka 3, chini inaruka 4, nikasema x = 3/4, kipeo −5/3, nikaandika jibu haraka haraka, nikapata namba zaidi ya 10. Kujumlisha kwa kalkuleta vipande kumi nimefika 1.96 tu. Nikarudi. Tatizo liko chini, hatua ni 4 lakini inaanzia 8, ile 4 ya mwanzo haipo, na bila 4 huwezi kupata faktoria, 8·12 ni 4×2 na 4×3, moja imepotea. Kwahiyo nikairudisha kwa kuzidisha mfululizo wote kwa 2/4, 4 kwa ajili ya chini na 2 kwa ajili ya juu maana nyuma ya 5 kwa hatua ya 3 kuna 2. Hapo nusu ya jumla ninayoitaka inakuwa (2·5)/(4·8) + (2·5·8)/(4·8·12) + ..., na huo ni upanuzi wa (1 − 3/4)^(−2/3) uliotolewa vipande viwili vya mwanzo, 1 na 2/4. Upanuzi mzima ni 4 kipeo cha 2/3, kama 2.5198, toa 1.5 inabaki 1.0198, zidisha mara mbili, 2.0397. Tangu siku hiyo kabla sijaandika kitu naangalia kwanza je namba ya kwanza ya chini ni sawa na hatua ya chini, kama sio kuna kitu kimekatwa.

Na jingine ni x kuzidi 1. Nilijitungia mwenyewe 1 + 1/1 + (1·3)/(1·2) + (1·3·5)/(1·2·3) + ..., hatua ya juu 2, ya chini 1, x = 2, fomula ikanipa (−1) kipeo cha −1/2, kipeuo cha namba hasi! Wakati vipande ni 1, 1, 1.5, 2.5, 4.375, vyote chanya na vinazidi kukua, haina jumla kabisa. Kile kisharti cha x kuwa kati ya −1 na 1 nilikuwa nakisoma nakipita, hapo ndo nikakiheshimu.

Nilipoanza kupenda haya mambo nikasoma kidogo ya nyuma yake. Isaac Newton wa Uingereza ndo aliyeifungulia binomia mlango wa vipeo vya sehemu, kwenye majira ya baridi ya 1664 kuingia 1665, akiwa anafuata kazi ya mwanahisabati mwenzake wa Uingereza John Wallis kuhusu eneo la duara, na 1676 akaieleza kwenye barua alizompelekea Leibniz, mwanahisabati wa Ujerumani, kupitia kwa Oldenburg aliyekuwa katibu wa Royal Society ya London. Uthibitisho uliokamilika, wenye kujali lini mfululizo una jumla na lini hauna, ukaja na Abel, mwanahisabati wa Norway, 1826. Yani karne moja na nusu watu wameitumia, na kile kisharti nilichokuwa nakipita ndo kilichokuwa kinasubiri kuwekwa sawa.

Kuna kimoja bado nakirudia rudia kwa raha yangu tu. Chukua 1 + 1/4 + (1·3)/(4·8) + (1·3·5)/(4·8·12) + ..., jumla yake √2. Badilisha alama ziwe kujumlisha na kutoa kwa zamu, 1 − 1/4 + (1·3)/(4·8) − ..., ni vipande vilevile ila x imekuwa hasi nusu, unapata √(2/3). Nikajiuliza nikizizidisha hizo mbili je? √2 mara √(2/3) ni 2/√3, na hiyo nayo ni (1 − 1/4)^(−1/2), kwahiyo ina mfululizo wake wa familia ileile, 1 + 1/8 + (1·3)/(8·16) + (1·3·5)/(8·16·24) + ... Juu palepale 1·3·5, chini nne zimegeuka nane. Nilikaa usiku nikavizidisha vipande kwa mkono ili nione kama kweli, vile vya 1/4 vikafutana, ikabaki 1/8 pale ilipotakiwa kuwa.