Kumbukumbu ya mradi: ibada na mikusanyiko bila kupanga watu

Lengo ni lilelile: albamu ya picha 40 zinazoonyesha jumuiya ya kanisa ilivyo, pasipo mtu kuambiwa asimame, ageuke au atabasamu. Zilizokwisha kupita mchujo ni 27.

Taa ndizo zilizokula muda mwingi kuliko kitu kingine chochote. Shata (kifunga cha kamera kinachoamua mwanga uingie kwa muda gani) ya kielektroniki haina mlio, na wakati wa sala ya kimya mlio mmoja wa kamera hugeuza vichwa vya benchi zima. Tatizo ni kwamba shata hiyo husoma kihisi (sehemu ya kamera inayopokea picha) mstari baada ya mstari, huku taa nyingi za LED na za mirija zikiwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde penye umeme wa hezi 50, au mara 120 penye hezi 60. Jicho halioni, kamera inaona: picha za kwaya zilizopigwa kwa 1/250 ya sekunde zilitoka na michirizi myeusi iliyolala juu ya nyuso. Michirizi iliondoka kwa 1/100 na 1/50 (penye hezi 60 ni 1/120, au 1/125 iliyo karibu nayo, na 1/60), kwa sababu kila mstari wa kihisi hupata mzunguko mzima wa taa. Taa zenye dima (kifaa cha kupunguza mwanga) zina mwendo wao tofauti. Kwa hizo, picha ya majaribio hupigwa kabla watu hawajaingia, inakuzwa kwenye skrini, na shata inabadilishwa kidogo kidogo hadi michirizi iishe. Isipoisha, tunarudi kwenye shata ya kimakanika na kupiga wakati wa nyimbo tu. Sala inaachwa ipite bila picha, na hilo si hasara.

Kwa 1/100, mikono inayopiga makofi hutoka na ukungu. Ukungu wa mikono unakubalika, hata unapendeza, ila uso lazima utulie.

Lenzi ni mbili, milimita 35 na 85, kwenye kamera yenye kihisi kikubwa. Kipenyo cha tundu la lenzi (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na sehemu inayotoka kali ni nyembamba) ni f/2.8 kwa mtu mmoja na f/4 kwa wawili waliokaa safu tofauti, kwani kwa f/1.8 mmoja wao huzama kwenye ukungu na uhusiano wao unapotea. ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) inajipanga yenyewe, mwisho 6400. Faili ni za RAW (data ghafi ya kihisi). Flashi, taa ndogo ya kusaidia fokasi, mlio wa fokasi na skrini inayoonyesha picha baada ya kupiga vyote vimezimwa. Katika ibada ya mishumaa skrini hiyo humulika kama tochi.

Kanzu nyeupe za kwaya zilitupotosha kwa muda. Kipimo cha kamera huona weupe mwingi, kikapunguza mwanga, na nyuso nyeusi zikapoteza umbile. Sasa mwanga unapimwa usoni, kisha kamera inawekwa kwenye hali ya mkono, ISO nayo ikifungwa, na kuachwa hapo maadamu taa hazibadiliki. Kanzu ikikaribia kuungua (kuwa weupe mtupu usio na umbile), punguza theluthi moja ya stopu (kipimo cha mwanga; stopu moja ni kuongeza mara mbili au kupunguza nusu), si zaidi: mkunjo wa kitambaa una thamani ndogo kuliko macho ya mwimbaji. Taa za jukwaani za zambarau ni shida nyingine. Histogramu (chati ya mgawanyo wa mwanga kwenye picha) ya jumla inaonekana salama huku rangi ya bluu imeshaungua, kwa hiyo inatazamwa histogramu ya kila rangi. Ngozi isipookoka hata hivyo, picha inageuzwa kuwa nyeusi na nyeupe.

Mabadiliko makubwa yametokana na mahali pa kusimama. Picha za mwanzo zote zilimwelekea mhubiri, na zote zilifanana. Sasa nafasi kuu ni pembeni, usawa wa safu ya pili, kamera ikiwaelekea wasikilizaji na dirisha likiwa upande wao, si nyuma yao. Dakika 10 hadi 15 za kwanza ni za kukaa tu, kamera mapajani, mpaka watu waache kuitazama. Anayezungukazunguka hapati kitu isipokuwa watu wanaomwangalia. Ratiba ya ibada huombwa mapema ili kujua ubatizo utakuwa saa ngapi na upande gani. Na katika ubatizo, maji yakishamwagwa, usishushe kamera: sekunde chache zinazofuata ndipo mkono wa mzazi hufuta paji la uso wa mtoto.

Ruhusa huombwa kwa viongozi, kisha tangazo linatolewa kabla ya ibada. Kwa watoto, mzazi huulizwa mmoja mmoja. Aliyelia akiombewa huulizwa baadaye kwa faragha, na akisita picha inafutwa mbele yake.

Kuchuja: fremu 600 hushuka hadi 60 kwa kutazama ishara za mikono na macho kwanza, ukali wa fokasi baadaye. Majina yaandikwe siku hiyohiyo.

Zilizobaki ni 13, na pengo linajulikana. Hakuna hata picha moja ya kazi zinazofanyika kabla kengele haijalia: kufagia, kupanga viti, kufunga spika, wanakwaya wakinyooshana kola. Tukio lijalo tutafika saa mbili kabla, na lenzi ya 35 peke yake.