Daftari la Tasi: wiki tisa za kumfuata paka kwa saa

Daftari la kwanza limejaa jana usiku. Ni daftari la hesabu, lile la miraba, na nimeunganisha kurasa mbili zinazotazamana. Mstari mmoja ni siku moja, mraba mmoja ni nusu saa, kwa hiyo kila siku ina miraba 48. L ni amelala, K anakula, J anajilamba, W anawinda au anacheza, N yuko nje, na X ni pale ambapo sikumwona. Mchana X ni chache, maana mimi ni fundi cherehani na kazi naifanyia barazani, hapa hapa nyumbani Ngamiani. Usiku X zimejaa.

Mwenyewe anaitwa Tasi, kwa yale madoa yake ya kijivu kama samaki tasi. Ni jike, ana miaka miwili hivi, na ameshafungwa kizazi. Mji wetu huu wa Tanga umezoeleka kwa usemi wa "waja leo waondoka leo". Yeye alikuja na mvua za vuli, akiwa mdogo wa kuenea ndani ya kiatu, na hakuondoka.

Kilichonifanya nianze kuandika ni kilio. Idi el Fitri ilipopita, kila siku saa 10 alfajiri Tasi alikuja mlangoni kwa chumba chetu na kulia. Analia kwa kuvuta, ananyamaza kidogo, anakwaruza mlango, anaanza tena. Jirani akaniambia paka akilia saa hizo ameona kitu. Mume wangu akataka afungiwe stoo. Mimi nikasema hapana, kwanza nijue analia nini.

Wiki ya kwanza sikubadilisha chochote, niliandika tu. Na jambo la kwanza lililojitokeza kwenye miraba ni kwamba siku ya Tasi ina vilele viwili. W zote zimerundikana sehemu mbili: kuanzia saa 11 alfajiri mpaka jua linachomoza, halafu kuanzia saa 11 na nusu jioni mpaka baada ya Magharibi. Katikati ni L tupu. Tumezoea kusema paka ni mnyama wa usiku, lakini hasa ni mnyama wa mapambazuko na machweo, saa ambazo panya na ndege wanatoka au wanarudi na mwanga ni hafifu. Jicho lake limeumbwa kwa mwanga huo. Nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha nuru kama kioo, ndiyo maana ukimmulika na tochi macho yanawaka. Na sisi wa Tanga, tulio karibu na Ikweta, jua letu halibadiliki sana. Tofauti ya kuchomoza kwake mwaka mzima haifiki saa nzima. Kwa hiyo na saa za Tasi hazisogei sana.

Hilo lilieleza saa 11. Halikueleza saa 10.

Wiki ya pili ndipo nilipoelewa, nikiwa nimekaa kukata kitambaa. Ramadhani nzima tulikuwa tunaamka saa 10 kula daku. Taa zinawashwa, sufuria zinalia, na Tasi anapewa kichwa cha kibua au mabaki ya changu. Mwezi mzima, bila kukosa hata siku moja! Kisha mwezi ukaandama, sisi tukarudi kulala, na hakuna aliyemwambia yeye kwamba daku imekwisha. Kwa hesabu yake, saa 10 ni wakati wa kula, na wenye nyumba wameanza kuchelewa. Hakuwa ameona kitu wala hakuwa na ukorofi. Alikuwa anatuamsha daku.

Niliona vibaya sana, kwa sababu siku tatu kabla nilikuwa nimempigia kelele na kumtupia kandambili.

Wiki ya tatu na ya nne zilikuwa za kazi. Nilipanga mambo mawili. La kwanza, akilia saa 10 hapewi chakula, haitwi, hagombezwi. Hata kugombezwa kwake ni kupata mtu. La pili, chakula cha usiku kisogezwe mpaka saa 4, na kabla yake achezeshwe mpaka achoke. Paka ana mtiririko wake: anawinda, anakula, anajilamba, analala. Ukimwona kwenye daftari langu unaufuata kwa kidole: W, K, J, L. Ukimpa chakula bila uwindaji mtiririko unaanzia katikati, na ile W inabaki inamsubiri alfajiri.

Siku ya kwanza alilia nusu saa. Ya pili, nusu saa. Ya tatu na ya nne akalia saa nzima, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Hapa ndipo wengi tunashindwa. Kabla tabia haijakoma huwa inapanda kwanza, kama mtu anayebonyeza swichi ya taa isiyowaka: anabonyeza kwa nguvu zaidi kabla ya kuacha. Ukikubali siku ya nne, umemfundisha kwamba inatakiwa saa nzima.

Siku ya tano alfajiri kukawa kimya ghafla. Nilifurahi. Nikatoka, nikamkuta mama yangu mzazi uani, amechuchumaa, Tasi anakula kichwa cha samaki miguuni pake.

"Mama, si tulikubaliana?"

"Mwanangu, kiumbe analia mlangoni na wewe umejifunika shuka. Mimi siwezi."

Akanikumbusha hadithi ya Abu Qatada, aliyeinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, akasimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaowazungukia. Sikuwa na la kumjibu, wala sikutaka kumshinda mama kwa maneno. Tulikaa kwenye mkeka nikamwonyesha daftari, mraba kwa mraba. Aliliangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Tukapatana hivi: kumpa chakula cha alfajiri ni kazi yake mama, lakini baada ya sala ya Alfajiri, si kabla, na si kwa sababu amelia. Tukaanza kuhesabu upya.

Kuhusu chakula chenyewe nitasema kwa ufupi. Tasi huenda kwenye bakuli mara nane mpaka kumi kwa siku na kula kidogo kidogo. Nilidhani anachagua, kumbe maumbile yake ndivyo yalivyo, maana windo la paka ni panya mmoja, kisha mwingine baadaye. Siku hizi nagawa fungu lake mara tano.

Wiki ya tano masika ilishika kwelikweli, na miraba ikabadilika. N zikatoweka. Siku moja ya mvua ya mfululizo nilihesabu L za saa 16, wakati kawaida yake ni kama 14. Zote mbili ni za kawaida kwa paka. Alihamia juu ya kabati la nguo, na akaanza kukojoa kwenye kona ya stoo. Kabla ya kukasirika nilitazama uani: pale anapochimba siku zote pamekuwa dimbwi. Nikaweka beseni la mchanga mkavu chini ya ngazi. Kona ya stoo haikuguswa tena.

Mvua hizo zilinipa nafasi ya kumwangalia kwa karibu. Mchuuzi wetu wa samaki hupita na baiskeli saa 3 asubuhi, tenga nyuma, akitokea soko la samaki la Deep Sea. Tasi akiwa usingizini, sikio moja linageuka kwanza, peke yake, kama linatafuta. La pili linafuata. Kisha anasimama. Asubuhi moja nilihesabu tangu sikio la kwanza ligeuke mpaka mimi nisikie honi: ishirini na mbili. Sikio la binadamu linaishia kwenye hertzi 20,000 hivi, la paka linapita 60,000. Sijui ni breki au ni mnyororo anaousikia, ila baiskeli nyingine zote za mtaa huu, nazo Tanga ni nyingi, hazimwamshi.

Na jambo jingine. Kwenye mguu wa chuma wa cherehani yangu, kwenye mwimo wa mlango na kwenye pembe ya benchi kuna ufito mweusi wa mafuta, na pote uko kimo kimoja. Nilikuwa naufuta kila Ijumaa nikidhani ni uchafu wa mikono. Ni shavu la Tasi. Paka ana tezi mashavuni, na anapojisugua anaacha harufu yake, anaandika kwamba hapa ni nyumbani. Kila nilipofuta, kesho yake alisugua mara nyingi zaidi. Sasa naacha mmoja, ule wa mguu wa cherehani.

Wiki ya sita. Hii niliandika kwa mkono unaotetemeka, na mwandiko unaonyesha.

Ilikuwa saa 12 na robo jioni, ndani ya kile kilele chake cha pili. Nilikuwa namalizia sketi za shule, uzi wa bluu, na vipande vimeanguka chini kama kawaida. Tasi alikuwa anaviwinda chini ya meza. Nilipoinama niliona koo lake linakwenda, linameza, na kwenye pembe ya mdomo kuna ncha ya uzi inaingia ndani. Mpaka nikamfikia, ilikuwa imekwisha.

Mafundi wenzangu wenye paka, naomba hili mlishike. Ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea kooni, ndiyo maana akikulamba unakwaruza. Kitu kama uzi kikishikwa na vimiba hivyo hakirudi nje, kinakwenda ndani tu, hata yeye mwenyewe akitaka kukitema. Uzi mrefu unaweza kujinasa chini ya ulimi au tumboni, utumbo ukajikunja juu yake kama kitambaa kinavyojikusanya ukivuta uzi wa marinda, na uzi ukaukata. Ukiona ncha imetokeza, mdomoni au nyuma, usivute. Mpeleke kwa daktari.

Nilimfunga kwenye kanga nikapanda bajaji mpaka kwa daktari wa mifugo. Alimfungua mdomo, akainua ulimi kwa kidole gumba, akatazama chini yake. Hakuna uzi uliojinasa, hakuna sindano. Akampapasa tumbo taratibu. Muda wote huo Tasi alikuwa anakoroma, ule mkoromo wake wa raha, nami nikasema afadhali, hana maumivu. Daktari akanisahihisha. Paka hukoroma akiwa na raha, lakini pia akiwa na hofu au akiumwa, kama anajibembeleza. Akaniuliza kama nimempa dawa yoyote ya binadamu. Sikuwa nimempa. Akasema vizuri, maana paracetamoli, hata kidonge kimoja, inaweza kumuua paka. Halafu akaniuliza swali lililonifanya nishukuru kuwa na daftari: kwa kawaida anakula mara ngapi, anakwenda choo mara ngapi, analala saa ngapi? Nilimjibu kwa hesabu. Akasema turudi nyumbani, na nikiona ametapika, amegoma kula au hakupata choo, nirudi saa hiyo hiyo bila kungoja asubuhi.

Usiku ule hakuna X hata moja. Saa 8 K. Saa 9 J. Asubuhi ya pili, kwenye beseni la mchanga, uzi ulikuwemo wote. Niliuosha nikaupima kwa futi yangu ya kazi: sentimita 31.

Tangu siku hiyo, saa 11 jioni nasimamisha cherehani na kufagia, kabla kilele hakijaanza. Bobini na nyuzi zote zinaingia kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko. Tasi anatupiwa mpira wa mabaki ya kitambaa, nimeushona mwenyewe mishono ya karibu karibu, hauna ncha inayoning'inia. Wateja wakinikuta nimefunga kazi mapema nawaeleza sababu, na wengi wanaelewa.

Wiki ya saba na ya nane: kilio cha saa 10 kilipungua mpaka dakika tano, kikarudi siku mbili, kikakoma. Nilijaribu pia lile jambo la macho. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliandika kwamba mtu akimfumbia paka macho polepole, paka naye huelekea kufumba, na humkaribia zaidi mtu aliyemfanyia hivyo kuliko aliyekaa bila kumwonyesha chochote. Tasi akiwa juu ya kabati nilimtazama, nikafumba polepole, nikafumbua. Mara ya kwanza aligeuza kichwa. Jioni ya tatu alifumba. Baada ya kandambili ile, niliposhika kalamu kuliandika hilo nilikaa kidogo kwanza.

Kilichobaki ni N za mchana. Mvua zimepungua na ameanza kutoka tena, saa 5 mpaka karibu saa 8, na akirudi ana vumbi jeupe mgongoni. Hakuna vumbi jeupe kwetu. Nimeacha safu ya pembeni kwenye daftari la pili kwa ajili ya hilo, na mpwa wangu amejitolea kumfuata Jumamosi.

Leo, mstari wa kwanza wa daftari jipya. Saa 10, L. Saa 10 na nusu, L. Saa 11 na robo adhana, akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma. Mama alitoka na ndoo ya maji ya udhu. Tasi alimzunguka miguuni mara mbili, akaenda kukaa karibu na bakuli lake, mkia umezunguka miguu, kimya. Mama akasali. Saa 12 kasoro dakika kumi, K.