Silikoni ya nano na lithiamu isiyorudi

Nikipata ripoti mpya ya anodi ya silikoni, yaani upande hasi wa betri unaopokea lithiamu wakati wa kuchaji, natafuta kwanza namba moja: kwenye chaji ya kwanza, lithiamu kiasi gani iliingia na haikutoka tena. Mara nyingi imefichwa kurasa za mwisho, na inanisikitisha, maana ndiyo inayoamua kama anodi hiyo itafaa kwenye betri ya kweli.

Silikoni inastahili sifa zake. Gramu moja ya grafiti, kaboni ya anodi za kawaida, hubeba miliampia-saa 372. Ya silikoni hukaribia 3,600. Shida ni kwamba ikishiba lithiamu huvimba hadi karibu mara 4 ya ujazo wake, kisha hunywea. Fungua seli, betri ndogo ya majaribio, ya silikoni ya punje kubwa iliyochajiwa na kutumiwa mara kadhaa, utaona tabaka jeusi limepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Ukiligusa kwa kibano linabanduka, inabaki karatasi ya shaba tupu.

Nano, yaani silikoni ya vipande vidogo mno, ilikuja kutibu hilo. Mwaka 2008 kundi la Yi Cui, Chuo Kikuu cha Stanford, lilichapisha kazi ya nyuzi za silikoni nyembamba kiasi cha kuvimba bila kuvunjika. Baadaye ikaonekana kuwa hata punje za silikoni ya fuwele, zikiwa chini ya nanomita 150 hivi, hazipasuki.

Lakini ukipunguza kipenyo mara 10, gramu ileile inapata uso mkubwa mara 10. Kila silikoni inapogusana na elektroliti, kimiminika cha betri kinachopitisha lithiamu, hujengeka utando, na utando huo hula lithiamu. Punje ikivimba utando unachanika, silikoni inabaki wazi, utando mwingine unaota.

Seli za majaribio tunazofunga ndani ya sanduku la gesi ya agoni huficha hasara hii. Upande wa pili tunaweka kipande cha lithiamu tupu, akiba tele. Kinachopotea kinafidiwa kimyakimya na mchoro unatoka mzuri. Kwenye betri kamili lithiamu yote hutoka kwenye katodi, upande chanya, na ikiisha imeisha.

Muundo ninaoupenda zaidi ni wa punje iliyo ndani ya ganda la kaboni, ikiachiwa nafasi ya kuvimbia. Utando unajengeka nje ya ganda na kutulia hapo. Nafasi hiyo inapunguza nishati kwa kila lita ya betri, nakubali, na kuutengeneza kwa wingi ni kazi kweli. Kwa vijana ninaofanya nao kazi maabara ombi langu ni moja: kabla ya kunionyesha mchoro, anodi ijaribiwe na katodi halisi.