Jinsi nilivyoifufua programu iliyoililia libssl.so.1.1

Programu ya hesabu ya chama chetu cha kuweka na kukopa imefunguka jana usiku, baada ya siku tatu. Nimefurahi mno, ila ushauri nilioanza nao bado unaniudhi.

Nilipandisha Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta ile, kutoka toleo la 20.04 hadi 22.04. Kesho yake mhazini akabofya ikoni, kimya. Kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, ikasema: `error while loading shared libraries: libssl.so.1.1: cannot open shared object file`. Nikapiga `ldd`, amri inayoorodhesha maktaba, yaani mafaili ya msimbo ambayo programu huyaazima: libssl na libcrypto, maktaba za OpenSSL za kusimba mawasiliano, zote mbili `not found`.

Jamaa mmoja akaniambia, "Kaka, tengeneza kiungo tu, jina la pili linaloelekeza kwenye faili lililopo. libssl.so.3 ipe jina la libssl.so.1.1, dakika moja umemaliza." Nikatii, na libcrypto vilevile. Kosa likabadilika sura: `version 'OPENSSL_1_1_0' not found`. Namba ile kwenye jina la faili si pambo! Programu yetu ilijengwa juu ya OpenSSL 1.1, na ndani yake imeandikwa alama ya toleo inayolitaka. Ubuntu 22.04 inakuja na OpenSSL 3.0, isiyo na alama hizo. Ni sawa na kubandika kibao cha Mwenge kwenye daladala ya Mbagala. Utapanda, Mwenge hufiki. Ukiwa umeweka viungo vya namna hiyo, vifute kwanza.

Nikashusha msimbo wa OpenSSL 1.1.1w, bando la kama elfu mbili hivi, nikaukompaili, yaani nikaugeuza kuwa maktaba inayotumika, ndani ya folda ya `/opt/openssl11` ili usiguse maktaba za mfumo. Nikaandika `LD_LIBRARY_PATH`, mpangilio unaotaja folda za ziada za kutafutia maktaba, kwenye `.bashrc`, faili linalosomwa terminali inapofunguliwa. Terminalini ikafunguka! Nikampigia mhazini simu kwa shangwe. Akabofya ikoni. Kimya.

Hapo ndipo nilipoijua `LD_DEBUG=libs`, na kila anayehangaika na maktaba aijue. Inaonyesha kila folda ambayo kipakiaji, sehemu ya mfumo inayoipatia programu maktaba zake, kinapita kutafuta faili. Nikaiweka kwenye amri ya ikoni, majibu nikayaelekeza kwenye faili, nikasoma mstari kwa mstari: `/opt` haikupitiwa hata mara moja. Ikoni haikuwa imeisoma `.bashrc` yangu.

Nikaandika skripti fupi: inaweka `LD_LIBRARY_PATH`, kisha inaita programu. Ikoni nikaielekeza huko, na kwenye `.bashrc` nikaufuta ule mstari, maana ungezilazimisha programu nyingine nazo kupitia folda ile.

Jambo moja zito: 1.1.1 iliacha kupata marekebisho ya bure ya usalama tarehe 11 Septemba 2023. Kwa hiyo kompyuta ile sasa inaongea na seva ya ofisini tu, intaneti nimeikata, na mwenyekiti nimemwomba adai toleo jipya kwa aliyetuuzia. Pia, usipige `ldd` kwenye programu usiyoiamini, inaweza kuiendesha. Tumia `objdump -p` utafute mistari ya `NEEDED`, inayotaja maktaba zinazohitajika.

Leo saa mbili asubuhi mhazini amebofya ikoni na kuanza kuingiza marejesho ya wiki nzima.