Nilivyopata presha sahihi kwa matairi yenye ubavu mfupi

Namba ya upepo iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva imepigiwa hesabu kwa tairi la ukubwa uliotajwa kwenye kibandiko hicho hicho. Ukibadilisha ukubwa wa tairi, namba ile inakupa pa kuanzia tu. Naandika haya kwa sababu watu wengi huweka ringi kubwa zenye matairi ya lo-profaili, yaani ya ubavu mfupi, wakajaza upepo kwa namba ya zamani, kisha wakalaumu tairi linapopata nundu au ringi inapopinda.

Gari langu lilitoka kiwandani na matairi ya 205/55 R16. Nikaweka ringi za inchi 18 na matairi ya 225/40. Kwa asiyezizoea namba hizi: 225 ni upana wa tairi kwa milimita, 40 ni asilimia ya upana huo ambayo ndiyo kimo cha ubavu, na 18 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Ukipiga hesabu, ubavu wa tairi la zamani ulikuwa na kimo cha milimita 113 hivi, na huu wa sasa una milimita 90. Gurudumu zima kwa kipenyo halikubadilika sana, milimita 632 dhidi ya 637, kwa hiyo spidomita haikuathirika kwa kiasi cha kujali. Kilichopungua ni hewa iliyoko kati ya ringi na barabara, na hewa hiyo ndiyo inayobeba gari.

Kabla sijajaza, niliuliza. Fundi mmoja akaniambia nifuate kibandiko, PSI 32 mbele na nyuma (PSI ni kipimo cha presha ya upepo). Mwingine akasema jaza 40 ili ringi isipinde kwenye mashimo. Wa tatu akainama, akasoma ubavuni mwa tairi palipoandikwa kikomo cha 50, akasema hapo ndipo mwisho, chagua mwenyewe chini yake. Huyo wa tatu alikuwa sahihi kwamba namba ya ubavuni ni kikomo. Wapo wanaoijaza kama ilivyo wakidhani ndiyo iliyopendekezwa, nalo tairi likijaa hivyo linakanyaga kwa sehemu ya katikati tu. Lakini hakuna kati yao aliyenieleza namna ya kuipata namba yangu.

Jibu lilikuwa limeandikwa ubavuni pale pale, mahali ambapo wengi hawasomi. Baada ya ukubwa wa tairi kuna namba nyingine yenye herufi. Tairi la kiwandani lilikuwa na 91V, na jipya lina 92Y na herufi XL. Namba ni alama ya uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, na herufi inayoifuata ni ya kasi. Alama ya 91 ni kilo 615, na 92 ni kilo 630. Ukiishia hapo utasema tairi jipya lina nguvu zaidi, kwa hiyo 32 inatosha na kubaki.

Sasa angalia XL. Herufi hizo zina maana kwamba tairi limeimarishwa libebe mzigo wa ziada, lakini linaubeba likiwa na upepo zaidi. Tairi la kawaida kwa vipimo vya Ulaya hufikia uzito wake wa juu likiwa na bar 2.5 (bar ni kipimo kingine cha presha), yaani PSI 36. La XL hufikia uzito wake likiwa na bar 2.9, yaani PSI 42. Chini ya hapo uwezo unashuka, kwa sababu kinachobeba gari ni hewa zaidi kuliko mpira. Nilipofuata majedwali ya uzito na presha ya matairi, nikakuta tairi la zamani likiwa na bar 2.2, ile 32 ya kibandiko, lilikuwa linabeba kilo 555 hivi. Tairi langu jipya likiwa na bar 2.2 hiyo hiyo linabeba 505 tu. Kilo 50 zimepotea kwa kila gurudumu, na dereva hajui, maana kibandiko anakifuata vilevile.

Ili lifikie tena uwezo ule, tairi la XL linahitaji bar 2.5, ambapo jedwali linaonyesha kilo 560. Kwa hiyo namba yangu ya kuanzia ikawa 36. Kwa gari likiwa limejaa watu na mizigo, kibandiko kilidai bar 2.4 nyuma. Kwa njia ile ile hiyo ikawa bar 2.7, yaani 39. Hesabu hii mtu yeyote anaweza kuifanya kwa gari lake, mradi asome alama ya uzito ya tairi la kwanza na la sasa, na aangalie kama kuna XL. Kama matairi yote mawili ni ya aina moja na alama ya uzito ni ile ile, namba ya kibandiko inabaki vilevile.

Namba ya jedwali inahakikisha tairi halizidiwi. Namna gari linavyokwenda ni suala jingine, na hapo nilitumia mikono na macho. Nilinunua geji yangu mwenyewe, kwa sababu geji za kwenye kompresa za kujazia huangushwa chini kila siku na mbili zilizo jirani zinaweza kutofautiana. Geji moja inayokaa garini, hata ikikosea kidogo, inakosea kwa namna ile ile kila mara. Napima asubuhi kabla gari halijasogea, au likiwa limesimama angalau saa 3. Ukishatembea, hewa inapata joto na presha inapanda. Yangu baada ya mwendo mrefu husoma 40 au 41 ilhali niliiacha 36. Upepo huo usiutoe! Ukiutoa, kesho asubuhi tairi likipoa utakuta uko chini kabisa. Hali ya hewa nayo ina mchango: joto likishuka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, presha inashuka karibu PSI 2, hata kama hakuna pancha.

Nilijaribu 38 kwa muda. Usukani ukawa mwepesi na gari likawa linaitika upesi, lakini kwenye barabara yenye viraka gari lilirukaruka, na breki kwenye lami iliyolowa hazikunipa uhakika niliouzoea. Nikashusha hadi 36 nyuma na 37 mbele, kwa kuwa mbele ndiko kuliko na injini. Baada ya miezi kadhaa nikapima kina cha uso wa tairi sehemu tatu: ukingo wa nje, katikati na ukingo wa ndani. Katikati kukilika zaidi, upepo ni mwingi. Kingo zote mbili zikilika, upepo ni mdogo. Ukingo wa ndani peke yake ukilika, aghalabu shida ni alainmenti, yaani mkao wa magurudumu, na kuongeza upepo hakutaitibu. Yangu yalilingana, nami nikaacha pale.

Kuhusu mashimo, nataka nieleze kinachotokea hasa, kwa sababu ndiko matairi haya yanakofia. Gurudumu likidondoka shimoni, ukingo mkali wa lami unaukandamiza ubavu hadi ugonge mdomo wa ringi. Nyuzi zilizo ndani ya ubavu zinabanwa kati ya chuma na lami, zinakatika, na hewa inasukuma mpira uliobaki bila nyuzi utoke nje. Ndiyo ile nundu. Haizibwi wala haitengenezwi. Tairi hilo linatolewa. Ubavu wa milimita 113 una nafasi ya kubonyea kabla haujafika kwenye ringi, wa 90 una nafasi ndogo, na ukipungukiwa upepo nafasi hiyo inakwisha kabisa. Kwa hiyo fundi wa 40 alikuwa na hoja. Ila upepo ukizidi mno, tairi halibonyei, na kishindo chote kinaishia kwenye ringi, shokapu na busha (mipira ya viungo vya chini ya gari). Presha sahihi inasaidia, na kupunguza mwendo kunasaidia kuliko presha.

Kitu kingine cha matairi haya ni kwamba jicho halikwambii kitu. Tairi la ubavu mrefu likipungukiwa upepo linatanuka tumbo chini, unaliona ukiwa mbali. La ubavu mfupi ni gumu. Nimewahi kusimama mbele ya matairi manne yaliyofanana kabisa, geji ikasema moja lina 27. Kulipiga teke pia hakusaidii. Tairi hilo la nyuma kushoto liliendelea kupungua kila wiki kuliko mengine. Hapakuwa na msumari. Nikapaka maji ya sabuni kuzunguka valvu, kimya. Nikapaka pale mpira unapokutana na ringi kwa upande wa ndani, na baada ya dakika chache vipovu vidogo vyeupe vikaanza kuota mstari mmoja, polepole. Tairi likatolewa, na kwenye mdomo wa ringi ya alumini kulikuwa na kutu nyeupe ya unga. Fundi akaisafisha, akalirudisha tairi, na uvujaji ukakoma.

Taa ya dashibodi isikufanye uache kupima. Gari langu halina sensa ndani ya magurudumu. Linalinganisha kasi ya kuzunguka, kwa sababu tairi lililopungua upepo linapungua kimo kidogo na kuzunguka haraka kuliko wenzake. Kama yote manne yanapungua kwa pamoja, mfumo wa aina hii unaweza usione. Na kila unapobadilisha presha lazima uuwekee upya kumbukumbu matairi yakiwa yamepoa, vinginevyo mfumo unalinda namba ya zamani.

Tukisafiri tumejaa, najaza nyuma hadi 39 usiku wa kuamkia safari, na kushusha tukisharudi na matairi kupoa. Spea nayo napima siku hiyo hiyo. Yangu ni ile nyembamba ya muda, na presha yake imeandikwa ubavuni mwake: 60.