Leo mama analala chumba namba nne

Kachukua mto wake, kanga ya kujifunika na tochi, akatuaga kama anasafiri, na safari yenyewe ni hatua thelathini kutoka jikoni hadi mlango wa bangaloo. Hivi ndivyo nyumba yetu ya wageni inavyofunguliwa kila mwaka hapa Jambiani, Unguja. Kabla mgeni wa kwanza hajaweka ubavu, mama huwa ameshalala usiku mmoja katika kila chumba. Vyumba ni vitano, basi ni siku tano, na hakuna anayethubutu kumharakisha.

Tunafunga katikati ya Aprili, masika yakishashika kweli. Wageni wanapungua, njia ya kuja kwetu inajaa madimbwi, na magodoro yananuka unyevu hata uyasimamishe ukutani. Mwanzoni mwa Juni, upepo wa kusi ukishatulia kwenye mwendo wake na kipupwe kikaanza kubisha hodi, tunafungua. Jamaa zangu wa Mjini huniuliza hiyo miezi miwili tunafanya nini. Wanadhani tunalala. Mimi ndiyo miezi ninayoipenda kuliko yote, kwa sababu ndiyo miezi ambayo nyumba inashikwa mkono kwa mkono, kila ubao, kila kamba.

Mwaka huu kilichotuumiza ni hicho chumba namba nne. Mwaka juzi tulinunua makuti kwa haraka, kwa muuzaji tusiyemzoea. Yalikuwa yamesukwa majani machache machache. Ukiliinua kuti juani unaona mwanga upande wa pili. Tuliona, tukayaezeka vivyo hivyo kwa kuwa wageni walikuwa njiani. Masika haya maji yakapita, yakashuka hadi kwenye besera ya kitanda, na mito miwili ya sufi ikaoza tukaitupa. Ile mito mama aliijaza mwenyewe. Hakusema kitu, alikunja foronya zake akaondoka nazo.

Kaka yangu akasema basi, tuweke bati, au hayo makuti ya plastiki yanayowekwa siku hizi. Simlaumu, yeye ndiye anayepanda juu. Kuti zuri hukaa miaka mitano, sita, halafu unaanza upya, na kila mwaka lipo la kuziba. Lakini bati kwenye upepo huu wa chumvi linaliwa, na mvua ikilipiga huwezi kumsikia mtu uliyekaa naye kitanda kimoja. Plastiki nayo ikichakaa vipande vyake vitakwenda wapi kama si pwani, pale pale wanapochokoa pweza? Nilimwambia hayo yote. Hakukubali mpaka tulipokwenda kununua kamba.

Paa letu halina msumari. Pau zimefungwa kwenye makombamoyo, ile miti inayoshuka na mteremko wa paa, kwa kamba ya usumba, na kila kuti limefungwa kwenye upau kwa kamba hiyo hiyo. Tunainunua kwa bibi mmoja jirani yetu. Makumbi ya nazi huyafukia kwenye mchanga wa pwani, pale maji yanapokupwa na kujaa, akayawekea mawe juu ili maji ya bamvua yasiyachukue, akayaacha miezi. Yakifukuliwa yana harufu nzito ya tope, harufu ambayo nilipokuwa nasoma Mjini niliitamani mpaka nikashangaa. Hapo ndipo huyapiga kwa gongo mpaka zibaki nyuzi, akaziosha, akazianika, akazisokota kwa viganja, uzi juu ya uzi.

Tulimkuta barazani kwake. Alimpa kaka ncha moja, akashika nyingine.

"Vuta, mjukuu wangu. Vuta kama una hasira."

Kaka akavuta. Kamba ikalia kidogo, ikakaza, basi. Akaangalia kiganja chake kilichopata mistari myekundu, akauliza makumbi haya yalifukiwa lini. Bibi akasema kabla kaskazi haijashika. Yaani Desemba, wakati sisi vyumba vimejaa na hatuna hata nafasi ya kunywa chai tukiwa tumekaa, yeye alikuwa ameshaanza kazi ya paa letu la Juni. Kaka hakulitaja bati tena.

Na lipo jambo ambalo sisi wenye nyumba za wageni tunapaswa kulisema wazi. Pesa ya makuti na kamba inaingia kwa wanawake wa hapa hapa kijijini, na inaingia katika miezi migumu. Mwani wanaoulima ukinyeshewa umeanikwa, umeharibika. Mama anaijua miezi hiyo. Kilimo cha mwani kilipoanza pwani yetu mwaka 1989 alikuwa msichana, na chumba namba moja kilijengwa kwa pesa yake ya mwani na pesa ya baba ya samaki. Alipanda mwani aina ya kotonii, wenye bei nzuri, mpaka maji yakawa ya moto mno ukawa unamfia kwenye kamba. Akabaki na spinosamu, ambao bei yake ni ya chini. Sasa magoti hayamruhusu kuingia majini. Lakini akipita mtu na makuti ya kuuza mwezi wa Mei, mama hapunguzi bei.

Ami yetu fundi akaliezua paa lote la namba nne, akaezeka upya, akipima kwa vidole vinne kati ya kuti na kuti. Yaliyobaki yalikwenda upesi: chokaa, milango iliyovimba kupigwa randa, kisima kusafishwa. Juu ya kisima bado ipo ndoo na kamba yake, ingawa tuna pampu. Tuliirudisha pale umeme ulipokatika kisiwa kizima, Desemba 2009 hadi Machi 2010, na mama hataki iondolewe.

Usiku wa kwanza, chumba namba moja, aligundua komeo la dirisha linagonga kila upepo ukibadilika. Namba mbili, tundu kwenye chandarua, linapita kidole. Namba tatu, taa ya jirani inapiga moja kwa moja usoni ukilalia ubavu wa kulia. Asubuhi akaagiza pazia zito. Mimi nililala chumba hicho mara ngapi sijaiona taa hiyo.

"Mgeni hatokwambia," anasema. "Atakushukuru, atakupa mkono, na harudi."

Sasa ni saa nne na nusu usiku, nimekaa kwenye baraza ya jikoni naandika haya. Manyunyu yameanza kuingia kutoka baharini, kwanza membamba, sasa nayasikia wazi kwenye migomba. Kaka ametoka chumbani kwake, amesimama mlangoni, hasemi kitu.

Tochi imewaka namba nne. Mwanga wake unaonekana dirishani, umepanda juu, unatembea polepole kutoka kwenye mwamba wa paa kushuka pembeni, unarudi, unasimama pale pale palipokuwa panavuja. Umekaa hapo muda mrefu.

Umezimwa.