Siku yangu mpakani Bukit Kayu Hitam: lori la biskuti na muhogo wa Thailand

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mji wa Changlun bado giza. Nilikuja kaskazini mwa Malaysia kusoma chuo kikuu cha Sintok, nikabaki; sasa ninaandaa nyaraka kwa wakala wa forodha, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Thailand.

Saa mbili nafungua Fomu D za siku. Hicho ni cheti cha uasili wa bidhaa, yaani kinachoonyesha imetoka nchi gani, cha nchi za ASEAN, jumuiya ya Asia ya Kusini-Mashariki. Kwa bidhaa nyingi, ukithibitisha kuwa asilimia 40 ya thamani imetoka ndani ya jumuiya, Thailand haitozi ushuru wa forodha. Kaka yangu, wakala wa Namanga, huuliza kwa nini tunakazania uasili kiasi hiki. Namjibu: Afrika Mashariki tuna ushuru mmoja wa nje, ASEAN kila nchi ina wake. Singapore karibu haitozi kitu. Bila cheti, mzigo wa mbali ungepitia Singapore na kusambaa kote bure.

Saa nne, simu. "Kak (dada), wamenizuia," ananiambia dereva wa lori la biskuti. Kiwanda kiliongeza katoni za wefa dakika ya mwisho bila kutuambia. Kwa nambari za forodha, biskuti tamu ni 1905.31, wefa ni 1905.32. Tarakimu moja, na lori zima limesimama juani. Naomba cheti kipya. Tangu 2018 nchi hizi mbili hutumiana Fomu D kwa mtandao, kwa hiyo hakuna wa kukimbia na karatasi, ila idhini lazima isubiriwe.

Saa nane anaingia mama mmoja na mfuko wa keropok, chipsi za samaki anazotengeneza nyumbani na wanawe. Ana mnunuzi Hat Yai, mji wa upande wa Thailand. Miaka yote mnunuzi huyo amelipa ushuru kamili na kuukata kwenye bei ya mama, kwa sababu mama aliamini hastahili cheti: samaki ni wa Kedah, jimbo letu, lakini wanga wa muhogo hununua kutoka Thailand.

Nikavuta kiti karibu. "Mak Cik (mama), huo wanga haukuharibii. Ukiwa na cheti chake cha uasili, unahesabiwa kama wa hapa hapa." Ndiyo maana ya mkataba wa bidhaa wa ASEAN ulioanza kutumika 2010: muhogo uvuke kusini, ukutane na samaki, urudi kaskazini ukiwa chakula. Tukapiga hesabu kwa kalamu: samaki, wanga, mafuta, gesi, kazi ya mikono. Alinyamaza muda mrefu akitazama jumla.

Haya ndiyo yanayonikera. Ushuru ulifutwa, viwanda vikubwa vina watu wa kushughulikia vyeti, na mama huyu hakuambiwa na yeyote. Nchi za ASEAN bado zinauziana kama moja ya tano tu ya biashara yao yote ya nje, na mimi naamini wapo wengi kama yeye wanaokwama hapo.

Saa kumi idhini ikatoka. Saa kumi na moja kasoro lori likavuka. Upande wa pili, saa za Thailand, ilikuwa bado saa kumi haijafika.

Mama aliniachia pakiti mbili za keropok. Alhamisi atarudi na risiti za wanga.